Walimu wa Juu ya Duka la Magodoro

Mimi nimecheza dansi upande wa kike miaka mingi kuliko wanawake wengi wa kisiwa hiki cha Mombasa, na silisemi hilo kwa haya. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Mchana nilikuwa kuli Kilindini, nafunga mizigo kwenye ndoano ya kreni. Alasiri ikiingia, kama shifti ilikuwa ya asubuhi, naoga, najipaka mafuta, navaa suruali ya mkunjo na viatu vya kung'aa, huyoo naenda Bondeni kuwa mke wa watu.

Msicheke kwanza. Ngojeni nieleze, na mnivumilie, maana mke wangu Sidi husema mimi hadithi huishika mkia nikaiburuta.

Sisi ni watu wa Rabai, mimi na Sidi. Kule kwetu zamani harusi ya kanisani haikuwa harusi bila kodiani na dansi. Si dansi hizi za kuruka kila mtu peke yake kama aliyeungua mguu. Dansi la kushikana, mwanamume amemshika mwanamke mgongoni, waenda pamoja, wageuka pamoja. Rumba, chacha, na lile la hatua tatu tatu, walzi. Mjomba wangu alikuwa mpishi wa meli, alijifunza huko alikojifunza, akaja akatufundisha sisi vijana uwanjani, vumbi mpaka magotini. Sidi nilimpatia hapo. Nilimkanyaga, akanambia, "Wewe una miguu au una magogo?" Nikaona huyu ndiye. Tukaoana.

Tukateremka Mombasa, nikapata kazi bandarini, Sidi akawa ashona sare za watoto wa shule pale pale nyumbani. Jumapili tukialikwa harusini tulikuwa tukicheza, na watu wakaanza kutufuata. Karani ataka kuoa, hajui kufungua dansi na bibi harusi, aogopa kuchekwa na wakweze. Tufundisheni. Mwingine kaajiriwa hoteli kubwa ya ng'ambo ya Nyali, wageni wamwita katikati ya ukumbi, yeye asimama kama mlingoti. Tufundisheni. Basi tukatafuta chumba.

Tulikipata Bondeni, juu ya duka la magodoro la Sharifu Aidarus. Nyumba ya zamani, kuta nene, ngazi za mbao zinazolia, na juu chumba kimoja kirefu chenye sakafu ya mbao ambayo mguu ukiisugua hukujibu. Chini, Sharifu na watu wake walikuwa wakichambua sufi na kushindilia magodoro. Sufi ile ilikuwa ikipanda kwenye nyufa za mbao, basi sisi twacheza nayo yaelea hewani, yatua kwenye nywele za watu. Na sisi tukipiga mguu sana, chokaa yamwangukia yeye kwenye sufi yake. Alikuwa na mti mrefu, akiona imezidi augonga darini: du, du. Maana yake, Thoya, punguza.

Siku ile tulipomwendea kuomba chumba, alitutazama sana, akafuta miwani kwa ncha ya kanzu, kisha akasema, "Mimi dansi silijui wala sitaki kulijua. Lakini nyinyi nawaona watu wa adabu. Nina sharti moja. Wanaume siku zao, wanawake siku zao. Wasikutane juu ya kichwa changu."

"Tumekubali, Sharifu," nikasema.

Tulipotoka nje Sidi akanivuta shati. "Wewe umekubali nini? Dansi la kushikana. Wanaume peke yao watashikana na nani?"

"Watanishika mimi."

"Na wanawake?"

"Watakushika wewe."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. "Haya," akasema. "Mume nimeolewa naye mmoja, sasa nitakuwa na wake chungu nzima."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku za wanaume, mimi ni mwanamke. Mtu anishika mgongoni, mimi namwekea mkono begani, naenda kinyumenyume nikimwambia, "Nipeleke, yakhe, nipeleke. Usinitazame miguu, miguu haitoroki." Siku za wanawake, Sidi ni mwanamume. Huwashika, awapeleka, awageuza. Bango tuliweka chini, limeandikwa DANSI HAPA JUU, na mshale. Aliyelichora alikosea, mshale ukaelekea chini, kwa hiyo watu wengi waliingia kwanza dukani wakamuuliza Sharifu kama yeye ndiye mwalimu.

Sharti tulilishika kama watu wanavyoshika mfungo. Siku za wanaume Sidi hakanyagi ngazi, hata kama amesahau mkasi wake juu. Siku za wanawake mimi nakaa chini dukani na Sharifu, namsaidia kuchambua sufi, namsikia Sidi kupitia darini kwa ile sauti yake ya kuitia mbuzi, "Moja, mbili, tatu! Mama, mimi ni mumeo, usiniogope!" Sharifu ajifanya hasikii. Lakini mara nyingine nilimwona kidole chake chapiga goti.

Mwanafunzi wangu wa kumkumbuka zaidi alikuwa Muhdhar, mtu wa kutoa mizigo forodhani, mwembamba, mdomo wake haufungi. Huyo alikuwa akinishika anusa.

"Mwalimu, wewe una jasho kuliko mke wangu."

"Mkeo hajashusha saruji tangu asubuhi. Peleka mguu."

"Na mke wangu hana ndevu."

"Bahati yako. Peleka mguu."

Mkewe, Mwanabaraka, alikuwa kwa Sidi siku za wanawake. Yeye akija amejifunika buibui lake, akifika juu alivua, chini yake gauni. Wale wawili hawakuwa na harusi wala hoteli ya kwenda. Walitaka tu wacheze nyumbani kwao, mlango umefungwa, redio chini chini. Muhdhar alinambia siku moja, mdomo ule ule lakini umetulia, kwamba mara ya kwanza walipojaribu chumbani waliona ajabu: hawakukanyagana hata kidogo. Yeye alimpeleka, mke akaenda. "Kama funguo na kitasa, mwalimu, na mafundi mbalimbali."

Mimi nilifurahi sana siku ile. Ndivyo watu wetu wote walivyokuwa. Wanaume waliotoka kwangu walijua kupeleka, wanawake waliotoka kwa Sidi walijua kwenda. Ukimwona mtu acheza vizuri harusini, kuanzia Majengo mpaka Tudor, ulikuwa ukiulizwa, huyu si wa juu ya magodoro?

Basi, miaka ikaenda. Mirriam wetu, mtoto wa kwanza, akakua, akaolewa, akazaa. Wanafunzi wakapungua kidogo kidogo, maana ilikuwa imeingia miaka hii ya tisini na vijana walikuwa na disko zao. Lakini hawakuisha. Palikuwa na watu wa kututosha. Kilichotumaliza hakikuwa disko. Ilikuwa nyumba.

Sharifu Aidarus alikuwa amezeeka, mti wake wa darini siku hizi ulikuwa ndio bakora yake. Akatuita mimi na Sidi dukani, akatuagizia kahawa. Nikajua si heri, maana kahawa alikuwa hatuagizii bure.

"Watoto wangu wataka kuivunja nyumba," akasema. "Waijenge ya ghorofa. Magodoro ya sufi hakuna anunuaye tena, watu walalia sponji. Nimewaambia wawangojee nyinyi mpate pahali. Wamesema watangoja mpaka mafundi waje. Sasa mafundi waja lini, hilo wajua wao na Mungu wao."

Sidi akanywa kahawa yake yote, yeye ambaye kahawa haipendi.

Nikaanza kuzunguka kutafuta chumba. Huku chumba kidogo, huku mwenyewe akisikia dansi afunga mlango. Mwisho nikamwendea Tsofa. Huyu tulianza naye ukuli genge moja, kisha akapanda, sasa alikuwa ndiye mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa wafanyakazi, ule wa upande wa Kilindini. Ukumbi mzuri, sakafu ya saruji nyekundu laini, mafeni. Na pale hapakuwa na sharti la siku za nani na nani.

"Mie ningekupa leo hii," Tsofa akanambia. "Lakini ndugu yangu, kuna kijana mwingine ameuomba, Faraj. Ana maspika yake makubwa, awafundisha vijana kuruka. Nusu ya kamati wamtaka yeye. Sasa tumesema hivi: Jumamosi ya mwisho ya mwezi, alasiri, mje nyote wawili. Aonyeshe yeye, muonyeshe nyinyi. Kamati itaamua hapo hapo."

"Nitaleta wanafunzi wangu bora."

"La. Wanafunzi wako tumewaona kwenye maharusi yote, twawajua. Tunataka walimu. Wewe na shemeji. Mimi nakujua toka ujana wetu, sijawahi kuwaona mkicheza."

Nikarudi nyumbani nikamweleza Sidi. Alikuwa na sindano mdomoni, akaitoa.

"Mimi na wewe?"

"Mimi na wewe."

"Mara ya mwisho tulicheza lini, Baba Mirriam?"

Tukakaa tukifikiri. Nilitaja harusi moja, akasema hapana, siku ile yeye alikuwa na mimba ya Mirriam, alikaa tu. Nikataja nyingine, akasema ile ulikuwa shifti. Tulikuwa hatujacheza tangu tulipoanza ualimu. Chumba cha nyumbani kitanda na cherehani vilikijaza, harusini tukialikwa watu walituvuta tuwasaidie wao, na juu ya magodoro siku zangu si zake.

"Kwani ni kitu?" nikasema. "Sisi ndio walimu."

Lakini pa kufanyia mazoezi ni wapi? Chumba kilikuwa kile kile, na sharti lile lile. Sidi ndiye aliyepata njia. Ijumaa, Sharifu yuko msikitini, duka limefungwa, wafanyakazi wote wamekwenda kuswali. Tukapanda ngazi zile kama wezi, watu wazima wenye wajukuu, viatu mkononi. Nikaweka kanda kwenye redio, walzi ikaanza. Tukasogeleana.

Nikanyoosha mkono nikamwekea begani. Na yeye wake ukaja mgongoni mwangu.

Tukatazamana.

"Toa mkono wako," Sidi akasema.

"Toa wako wewe."

Tukacheka, tukabadilisha. Mimi mkono mgongoni kwake, yeye begani kwangu, kama ilivyokuwa Rabai. Haya. Muziki ukafika pale pa kuingilia, na mimi nikarudi nyuma. Na yeye, akikumbuka kwamba sasa ndiye mwanamke, akarudi nyuma. Yaani tukaachana katikati kama watu waliogombana.

Tukarudia. Nikajiambia, Thoya, wewe ni mwanamume, nenda mbele. Nikaenda mbele, na Sidi kwa mazoea yake naye akaja mbele, vipaji vya nyuso vikagongana, nikaona nyota mchana.

"Mwanamume gani huyu," akasema, ajishika kipaji. "Zamani ulikuwa ukinipeleka."

"Na wewe zamani ulikuwa ukipelekeka."

Kila nikijaribu, mguu ulikataa. Mguu ulikuwa umefanya kazi ya kike miaka yote hiyo, sasa wauambia nini? Nalijua kila neno la kumwambia mwanamume, peleka hivi, geuza vile, lakini kulijua neno na kulifanya ni vitu viwili. Na Sidi hivyo hivyo. Nikimgeuza, yeye keshanigeuza mimi. Bega langu lake lashindana nalo kama watu wawili mlangoni, kila mmoja asema pita wewe, kisha wote wapita. Tukaanza kugombana kwelikweli, sauti zikapanda, na katika kugombana kule hatukusikia kwamba swala imekwisha.

Du, du, du, chini ya miguu yetu.

Kisha ngazi zikalia, mwendo wa mtu mwenye bakora. Nikazima redio. Sidi akajifunika leso kichwani, sijui ya nini, kichwa chake nakijua. Sharifu akatokea mlangoni, ahema.

"Thoya," akasema. "Twaliagana nini?"

"Sharifu, ni mke wangu."

"Namjua mkeo. Nimekuuliza twaliagana nini."

"Wanaume siku zao, wanawake siku zao." Nikainamisha kichwa. "Utusamehe. Kuna ukumbi twauomba, wametaka tucheze wote wawili, hatuna pengine pa kujaribu. Tumelivunja sharti leo tu. Miaka yote hii hatujalivunja."

Akaegemea mlango. Akatutazama mmoja mmoja. "Hamjalivunja namna gani?"

"Hatujacheza pamoja humu, Sharifu," Sidi akasema. "Hata siku moja. Siku zake mimi sipandi."

"Wewe na mumeo?"

"Mimi na mume wangu."

Yule mzee akakaa kwenye benchi la wanafunzi, lile la ukutani. Akavua miwani, akaishika tu mkononi, hakuifuta. "Mie nilisema wanafunzi," akasema. "Watoto wa watu, nisije nikaulizwa na baba zao. Nyinyi ni mke na mume, nani angewauliza? Mie siku zote nadhani wanafunzi wakiondoka nyinyi mwacheza wenyewe. Nikisikia mguu mmoja mmoja jioni, nasema ndio hao."

"Ni mimi nikifagia," Sidi akasema.

Nje mtu alikuwa akipita na mkokoteni wa maji, magurudumu yapiga mawe. Kisha Sharifu akainuka, akateremka zake, na katikati ya ngazi akasimama akaita, "Rudisheni huo muziki basi. Lakini msinimwagie chokaa."

Mimi nitawaambia ukweli, nililia kidogo. Si kwa ajili ya ukumbi. Sidi akanipa ncha ya leso yake, akanambia, "Jifute, twende. Jumamosi yaja."

Tukafanya mazoezi kila siku, wazi wazi, kila nikitoka kazini. Ilipofika Jumamosi nilikuwa naweza. Si vizuri, lakini naweza. Nampeleka Sidi, na yeye amejifunza kujizuia, avuta pumzi angoja. Tulicheza kama watu wawili waliobeba kabati ngazini, polepole, usikose, shika huko. Hatukugongana. Nilisema yatosha.

Sidi alikwenda Biashara Street akanunua kitambaa cha buluu, akajishonea gauni la kuzunguka. Mimi nikafunga tai ya kipepeo aliyoniachia mjomba. Ukumbi ulikuwa umejaa, makuli na makarani na wake zao, kamati mbele mezani, Tsofa katikati. Muhdhar na Mwanabaraka walikuja, na wengi wa watu wetu, wanaume wamekaa huku, wanawake kule, mazoea hayo.

Faraj alianza. Maspika yake yalitikisa madirisha. Vijana wake walikuwa hodari, sitasema uongo, walipinda viungo ambavyo mimi sinavyo. Watu walipiga makofi mengi.

Kisha Tsofa akasema, "Na sasa, walimu wa juu ya magodoro."

Tukaenda katikati. Sakafu ile nyekundu ilikuwa kubwa, hata sauti ya viatu vyetu ilikuwa yaja imechelewa. Nikamshika Sidi mgongoni, naye akaniwekea mkono begani. Walzi ikaanza. Pale pa kuingilia pakafika.

Mguu haukwenda.

Nikauambia nenda. Haukwenda. Na Sidi, maskini, alikuwa amejifunza kungoja, akangoja. Muziki ukapita, pale pa kuingilia pakaja tena, pakapita. Nikasikia kiti chalia. Mtu akakohoa. Tsofa pale mezani alikuwa ameinamisha uso.

Sidi akasema pasipo kutikisa midomo, "Utanipeleka, ama hunipeleki?"

"Mguu wakataa, Mama Mirriam."

"Watacheka."

"Najua."

"Basi nipe mimi."

Nikautoa mkono wangu mgongoni kwake, nikauweka begani. Wake ukaja mgongoni kwangu. Ukumbi mzima uliona, maana hapakuwa pa kujificha. Pakafika tena pale pa kuingilia, Sidi akaja mbele, na mimi nikaenda.

Walicheka. Jamani walicheka. Kuli mmoja wa genge langu akaita, "Thoya, shika gauni usijikwae!" Mwingine, "Bibi harusi ana masharubu!" Nilisikia yote, na hayakunipata, kwa sababu nilikuwa nasikia kitu kingine. Kile kiganja. Miaka yote nilikuwa nimekaa chini ya sakafu nikimsikia Sidi akiwafundisha wanawake wa Mombasa, na sikujua wanapata nini. Sasa nikakijua. Alikuwa hasukumi. Wale wanaume wangu wote husukuma mwanzoni, mpaka uwakanye. Sidi anambia tu kwa kiganja, huku, na mimi nishafika, huku, nishafika. Sikutazama ninakokwenda. Mtu aliyeshika ndoano ya kreni maisha yake yote hutazama kila kitu, la sivyo hufa. Siku ile sikutazama.

"Kumbe wewe mwepesi hivi," Sidi akasema sikioni mwangu. "Nilikuwa sijui."

"Nami sikujua wewe ni hodari hivi."

"Nyamaza, twageuka."

Tukageuka, lile gauni la buluu likafunguka, na kelele zikapungua, zikapungua, mpaka ikabaki kanda peke yake na viatu vyetu. Sijui tulizunguka mara ngapi. Kanda ilipokwisha tulikuwa mbele ya meza ya kamati, wote twahema, na watu wetu wamesimama, wanaume huku na wanawake kule, wapiga makofi.

Kamati ilinong'onezana. Tsofa akasimama, akanijia mpaka karibu, hakutaka kulisema kwa sauti.

"Ndugu yangu, mimi nimependa. Wallahi nimependa. Lakini wanasema mwalimu wa wanaume upande wa wanaume haujui. Na vijana ni wengi. Wamempa Faraj."

Muhdhar alikuwa keshafika. "Haujui vipi? Mimi nimefundishwa na huyu! Mwanabaraka, njoo hapa tuwaonyeshe!" Nikamshika mkono. Mkewe kule alikuwa amekwisha jifunika, na macho ya watu yalikuwa mengi. Alikuwa akicheza chumbani kwake, mlango umefungwa. Sikutaka mtu auvunje mlango wake kwa ajili yangu.

"Kaa, Muhdhar," nikamwambia. "Wamesema walichokiona. Hawakukosea."

Faraj akaja kutuamkia, kijana wa adabu, ajifuta jasho. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Njooni mfundishe kwangu, siku yoyote mtakayo."

"Marahaba mwanangu," Sidi akasema. "Kwa maspika yale yako, mguu hautasikia kitu. Lakini ahsante."

Tukatembea kwenda nyumbani. Tukafika Mwembe Tayari, pale penye watu wengi. Nilikuwa nangoja aseme ungenipeleka tungepata. Angekuwa na haki. Shule ilikuwa imekwisha, nilijua, na yeye alijua, na pengine pa kuomba hapakuwepo tena.

"Jumatatu wanaume waja?" akauliza.

"Waja. Mpaka mafundi wafike."

"Nami naja."

Na alikuja. Sharifu alimwona apanda ngazi siku ya wanaume, akaendelea kushona godoro lake. Wanaume walikaa benchini na sakafuni, na kabla ya somo Sidi alinishika, akanizungusha chumba kizima, sufi yaelea. Siku ya wanawake mimi nami nikapanda, nikabisha hodi kwanza, wakajifunika, nikaingia, tukacheza, kisha nikateremka nikawaachia somo lao. Mwanabaraka alimuuliza, "Mwalimu, wewe hupelekwi hata siku moja?" Sidi akamjibu, "Nilipelekwa nikiwa msichana. Nikakanyagwa sana." Wanawake walicheka mpaka Sharifu akagonga dari.

Hivyo ndivyo tulivyomaliza miezi iliyobaki, na mimi nikiulizwa wakati gani nilikuwa mwalimu wa dansi kwelikweli, huitaja miezi ile. Wanafunzi hawakuwa wengi. Hakuna aliyetulazimisha kucheza wala aliyetutazama kwa jicho la kamati.

Mafundi walikuja asubuhi moja ambayo sikuwa na shifti. Tulikuwa juu, mimi na Sidi peke yetu, tumekuja kuchukua redio na benchi. Redio ilikuwa ingali imechomekwa, basi tukaweka kanda, tukashikana. Wakapanda na nyundo na mitaimbo, wanne au watano, mkubwa wao akasimama mlangoni akatuona.

"Wazee, tumeambiwa tuanze na sakafu."

Sidi hakusimama, na mkono wake mgongoni mwangu haukutetereka. "Anzeni," akasema. "Lakini ngojeni kanda iishe."

Yule bwana akaweka nyundo chini. Wenzake wakakaa ngazini, mmoja akawasha sigara, na sisi tukaenda mpaka kwenye dirisha tukageuka.